Tekla, Shahidi wa Kayaki

Ukitaka kumuuzia Tekla kitu, njoo na mashahidi. Kila yai lililoingia dukani kwake pale Mtoni Kijichi alilishika mwenyewe, akalielekeza kwenye tochi ya simu, akalizungusha, akalitikisa karibu na sikio, ndipo akalipanga kwenye trei. Kwa hilo wateja walimpenda, maana hakuna aliyewahi kupasua yai viza kutoka kwa Tekla. Shida ni kwamba na watu aliwapitisha kwenye tochi hiyohiyo. Ukimwamkia kwa uchangamfu kupita siku zote, alijiuliza unataka kukopa nini. Ukimpita bila salamu, basi umeshamsema mahali. Noti uliyompa aliinyoosha juani mbele ya macho yako, na hata ungekuwa paroko ungesubiri amalize.

Hakuzaliwa hivyo. Alikuja Dar kutoka Rombo akiwa bi harusi, yeye na mumewe Eliaichi, wakajinyima miaka mpaka wakanunua kiwanja Chamazi. Siku walipopeleka tofali walikuta familia nyingine inachimba msingi, na wakati wanabishana nao akatokea baba wa tatu na karatasi zake mkononi. Aliyewauzia wote watatu alikuwa jirani waliyesali naye jumuiya moja. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na tangu hapo Tekla alishtuka kwa niaba ya mtaa mzima.

Mtaa ulimcheka, lakini ulimtumia. Kamati ya harusi isiyokuwa na Tekla haikupata mchango wa maana. "Kama Mama Tekla kakubali, hakuna ishu," watu walisema, na mifuko ikafunguka. Yeye alijidai kununa akisikia hivyo, ila usiku alimsimulia Eliaichi neno kwa neno, na Eliaichi, mtu wa maneno machache, aliitikia "mmh" na kugeukia ukutani.

Ndipo akaja Stephano na kayaki yake.

Stephano alikuwa mchongaji wa vinyago, Mmakonde wa Newala aliyehamia Mbagala Kuu na patasi zake. Mguu wake wa kushoto ulipinda kwa ndani tangu kuzaliwa, na alitembea akiutupa pembeni kila hatua. Kwenye maji mambo yalikuwa mengine. Aliokota kayaki ya plastiki ya viti viwili iliyotupwa na hoteli moja ya ufukweni baada ya kupasuka, akaiziba, akachonga kasia la mninga, na kila asubuhi kabla ya kazi alikuwa kwenye ule mkono wa bahari unaoingia Kijichi, akipiga kasia kati ya mikoko mpaka mabega yawake moto. Akichoka anatupa mshipi. Ndoana ndogo, chambo cha kamba, na changu wa saizi ya kikaango wanaingia mmojammoja, wale ambao wawili wanamtosha mtu na ugali wake.

Mtoto anayezaliwa siku hizi na mguu kama wa Stephano hutibiwa. Anafungwa plasta ngumu, lile hogo, na kila wiki kliniki wanalibadilisha, mguu unanyooka taratibu. Siri ni kuhudhuria. Ukikosa, mguu unaanza kurudi ulikotoka. Na kina mama wa Mbagala walikuwa wanakosa, si kwa uzembe, kwa nauli. Stephano aliwaona wawili watatu wamekata tamaa, akarudi kwenye kayaki yake na wazo.

Wazo lenyewe aliliita "Samaki mmoja, safari moja". Angeizunguka mikoko yote mara tatu kwa siku moja, kuanzia asubuhi, bila kukanyaga nchi kavu, akivua huku anakwenda. Kila changu atakayempata majini, mtu mmoja wa mtaani atalipa nauli ya mama mmoja na mtoto wake kwenda kliniki na kurudi. Jenipher wa saluni, mwanamke mwenye sauti na watu wake, akakubali kuwa mwenyekiti. Kikao cha kwanza watu walipiga makofi. Makofi yalipokwisha, mtu mmoja akauliza kutoka nyuma: tutajuaje kama samaki hajawanunua sokoni Feri?

Kikao kizima kikageuka kumtazama Tekla.

"Mie sijui kuogelea," alisema.

"Utavaa jaketi la kuelea, mama," Stephano alimjibu kwa adabu.

"Na hilo jaketi nani kalikagua?"

Watu walicheka, lakini alikuwa hatanii. Alilipeleka jaketi nyumbani, akalizamisha kwenye pipa la maji na tofali juu yake, na kesho yake asubuhi alikuwa pwani amelivaa juu ya kitenge.

Alitaka kuwepo kwenye mazoezi pia, maana mwizi, alisema, hujifunzia mazoezini. Na hakukubali kukaa kama wenye kayaki wanavyokaa, wa mbele akitazama mbele. Aligeuka akampa mgongo uelekeo wa safari, uso kwa uso na Stephano, kapu la samaki miguuni kwake. Wavuvi waliopita walidhani ni mama anayepelekwa hospitali kwa nguvu. Alikagua kofia ya Stephano na chupa yake ya maji. Kila changu aliyetoka majini mbele ya macho yake alimkata ncha ya mkia kwa mkasi mdogo, ndipo akamweka kapuni. Asiye na alama hakuhesabika.

"Mama, hata mie unaniachia mkia wangu kweli?" Stephano alimtania siku moja.

"Ukiingia kapuni tutajua."

Ukweli ni kwamba alianza kuyapenda maji. Kulikuwa na saa fulani ambapo kasia tu ndilo lilisikika, na Stephano alimsimulia habari za Newala, jinsi bibi yake alivyomfunga mguu kwa magome ya mti na jinsi haikusaidia. Tekla alicheka mara mbili tatu bila kutaka. Kisha akajishtukia: huyu ananilainisha. Hata yule wa kiwanja alikuwa na hadithi tamu. Akakaza macho upya kwenye mikono ya kijana wa watu.

Siku nyingine walipofika pwani walimkuta Yasmini, msichana wa Kilwa aliyepanga chumba kimoja Mbagala, amekuja kumshukuru Stephano mapema. Alikuwa amempakata mwanawe Nasra, na mguu wa mtoto ulikuwa ndani ya hogo jeupe mpaka pajani. Tekla alisogea, akainama, akaligonga lile hogo kwa kifundo cha kidole, ko ko, kuhakikisha ni plasta kweli na si kitambaa kilichopakwa chokaa. Mtoto alilia. Yasmini alimhamishia bega la pili akaondoka.

Siku yenyewe ilikuja na jua la kutoboa. Pwani palifungwa turubai, spika inapiga singeli, na waliotoa ahadi walikuwa wengi kuliko waliotegemewa. Jenipher alikuwa na tisheti yenye picha ya changu anayecheka. Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri, samaki wanakula, mkasi wa Tekla haupumziki. Wa pili ulikuwa wa shida kidogo. Wa tatu, maji yalianza kupwa na kumvuta Stephano kinyume, malengelenge yalimpasukia viganjani, na mgongo ulimkaza mpaka akawa anapiga kasia akiguna kama anayepasua kuni. Hakuacha. Tekla alimtazama usoni na kwa mara ya kwanza alifikiri: huyu anaumia kweli.

Lakini chai ya asubuhi ni chai ya asubuhi, na ilikuwa imembana Tekla. Sheria ilimkataza Stephano kukanyaga nchi kavu, haikumkataza shahidi. Alimwomba Stephano amsogeze kwenye kijisiwa cha mchanga kati ya mikoko, akavua kandambili zake akaziacha kitini zisizame topeni, akashuka, akaenda nyuma ya vichaka. Hakukaa sana.

Aliporudi, kapuni juu ya samaki wake wenye alama kulikuwa na changu wengine, wanono, wametungwa pamoja kwa kipande cha ukindu.

"Hawa wametoka wapi?"

"Kuna kaka kapita na mtumbwi," Stephano alisema. Sauti ilikuwa imemkauka. "Katoa kitoweo."

"Kakupa. Bure."

"Bure, mama. Ndo ilivyo huku pwani. Wamekutana watu kazini majini, mwenye nacho anamkatia mwenzie kitoweo. Hawa si wa kuhesabu. Hawa…"

"Anaitwa nani?"

"Simjui."

"Kaenda wapi?"

Stephano alinyoosha kidole kwenye kona ya mikoko. Hakukuwa na mtumbwi wala kivuli chake. Tekla alitoa mkasi, akaukata ule ukindu, samaki wakamwagikia wenzao, akawageuza mkia mmojammoja. Mizima, yote. Ukindu akautupa majini.

Alilikumbatia kapu kwa mikono miwili mpaka wanafika. Mtu angedhani ana hasira. Hapana. Alichokisikia kifuani kilikuwa karibu sana na furaha. Alijua. Alijua tangu kikao cha kwanza, na sasa ameona kwa macho yake.

Pwani ilipolipuka kwa vigelegele, Stephano hakuweza kuinua mikono. Vijana walimbeba wakamweka kwenye kiti cha plastiki. Jenipher alizima muziki, akamgeukia shahidi kwa mbwembwe zote. "Mama Tekla! Tupe habari! Wangapi?"

"Wenye mkia uliokatwa nimewaona wakitoka majini," Tekla alisema, na sauti yake ilikuwa shwari kabisa. Akainua changu mmoja mwenye mkia mzima, akamwonyesha kushoto, akamwonyesha kulia. "Hawa sikuwaona. Niligeuza mgongo kidogo tu, nimerudi nimewakuta kapuni. Muulizeni mwenyewe."

Stephano alijaribu. Alisema mtumbwi, alisema kitoweo, alisema ukindu. Ukindu uko wapi? Haupo. Sauti yake ilikuwa ya kunong'ona na watu walikuwa wameshaanza kupiga kelele. Kumbe! Na hao wengine nao tunajuaje? Mguu wenyewe ule si anaombea hela tu? Mzee mmoja wa Kizaramo alijaribu kusema jamani, kitoweo ni kitu cha kawaida huku, lakini alisukumwa pembeni na spika iliyokuwa inafungashwa. Mpaka jioni grupu la kamati kwenye simu lilikuwa linalia tu: fulani amejitoa, fulani amejitoa. Tekla alikula, akasali, akalala usingizi mzuri kuliko wiki zote zile.

Siku tatu baadaye alikuja dukani mwanaume asiyemjua, mvuvi kwa harufu na kwa viganja, akitaka trei ya mayai ya kupeleka nyumbani. Alijitambulisha kwa jina la Anwar. Tekla alikuwa na yai kwenye tochi pale yule bwana alipoanza kutabasamu.

"Ndo mama wa kwenye kayaki! Yule unakaaga kinyumenyume!"

"Kwani vipi?"

"Hamna. Nauliza tu, kile kitoweo ulikipenda?"

Tekla aliishusha tochi.

"Nimepita pale namkuta jamaa peke yake, hoi, kandambili za mama ziko kitini," Anwar aliendelea, hana habari. "Namuuliza, ananiambia kuna mama kashuka, wako kwenye shughuli ya watoto. Nikamwambia basi kitoweo hiki mpe mama, jua lile si mchezo kwa mtu mzima. Nikawatunga kabisa na ukindu wasichanganyike na wa kwake. Jamaa akaniambia hata usiwe na wasiwasi, huyo mama mwenyewe hachanganyi kitu." Akacheka.

Mpe mama. Walikuwa samaki wake yeye. Tekla aliketi kwenye kreti ya soda, na Anwar akajihudumia mwenyewe, akaacha hela juu ya meza. Aliona aibu mpaka masikio yakamchemka. Kisha ikaja hofu, maana aliwakumbuka watoto, akakumbuka ni siku gani. Alhamisi ilikuwa ni siku ya kliniki, na Alhamisi ilikuwa keshokutwa.

Jioni ileile alimfuata Jenipher, akamwomba aite kamati. Walikuja saluni, wakakaa chini ya yale makofia ya kukaushia nywele. Tekla alisimama akasema alikosea. Alisema yote, chai, mikoko, ukindu, Anwar. Hakujitetea hata kidogo. Alipomaliza alingoja wapumue, waseme loo, wachukue simu zao warudishe ahadi zao.

Hakuna aliyegusa simu.

"Mama Tekla," Jenipher alisema polepole, "Jumamosi kwako alikuwa mwizi. Leo malaika. Hapo katikati kimetokea nini?"

"Si nimewaambia, mvuvi mwenyewe kaja dukani."

"Mvuvi. Mwenzie." Jenipher aliwatazama wengine. "Kaja dukani kwako, kaongea na wewe peke yako."

"Nitamleta hapa!"

"Tunajua utamleta."

Kutoka kwenye sinki la kuoshea nywele mtu akasema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini vya kutosha: "Kalambishwa asali huyo."

Miaka yote ile Tekla hajawahi kuambiwa neno hilo. Aliwageukia mmojammoja, watu aliowasimamia harusi za watoto wao, na kwenye kila uso alikuta macho yaleyale anayotazamia mayai. Alipowaambia mtu ni mwizi hawakumuuliza ushahidi. Sasa anawaambia si mwizi, wanataka kumpekua. Hata alipomleta Anwar kesho yake, walimsikiliza kwa heshima, wakamshukuru, na alipotoka wakaulizana analipwa na nani. Walichokubali ni kimoja tu: Stephano arudie Jumamosi, mizunguko yote mitatu, Jenipher akiwa shahidi, na Mama Tekla asiguse kapu.

Alimpelekea Stephano habari hiyo kibandani kwake. Alimkuta amekaa kwenye kigogo, viganja vimefungwa vitambaa, patasi ziko chini hazijaguswa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Alibaki mlangoni. "Stephano mwanangu, nimekukosea. Nimekukosea vibaya."

"Macho yako hayakunikera, mama. Ndo kazi tuliyokupa." Hakumtazama. "Ila uliniuliza, nikakujibu, ukaukata ukindu. Kama ulikuwa hutaki jibu, uliniulizia nini?"

Tekla alivitazama vile vitambaa. Akauliza kama viganja vitakuwa vimepona Jumamosi. Stephano alisema vipone visipone ataingia majini. Ila Jumamosi haitamsaidia mtoto wa Alhamisi, na hilo hakuna aliyehitaji kulisema.

Kwa hiyo Alhamisi asubuhi Tekla hakufungua duka. Eliaichi aliuliza vipi, naye akasema anakwenda Mbagala, na Eliaichi kwa mara moja maishani hakusema "mmh", alisema nenda. Nauli ya kina mama wote asingeiweza hata auze na trei tupu. Ya mmoja aliiweza, na mmoja aliyemjua nyumbani kwake ni Yasmini.

Alimkuta uani anafua, Nasra kalala kwenye mkeka, hogo limeshachafuka ukingoni kwa vumbi. Yasmini alimwona akasimama, akajipangusa mikono, akajiweka kati yake na mtoto.

"Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Leo kliniki."

"Najua leo kliniki." Hakumkaribisha. "Tumeambiwa nauli hamna mpaka ishu yenu iishe."

"Nimekuja na nauli. Kama umechoka, mie nimchukue nimpeleke, wewe umalizie kufua."

Palepale alijua amesema vibaya. Uso wa Yasmini ulikunjika.

"Umchukue wewe? Mwanangu?" Akamwinua Nasra kutoka kwenye mkeka, mtoto bado na usingizi. "Mama, mie nakujua wapi? Ulikuja ukamgonga mwanangu mguu kama unagonga mlango. Ukasimama mbele za watu ukamwita kaka Stephano mwizi. Leo umekuja na hela. Nani kakutuma?"

"Hajanituma mtu."

"Basi ndo maana naogopa."

Majirani wawili waliacha kuchota maji wakageuka kusikiliza. Tekla alitaka kusema kwamba yeye ni mwaminifu, muulize mtu yeyote Kijichi. Akafikiri angemjibu nini yeye mwenyewe mtu akimwambia hivyo mlangoni kwake. Asingempa hata maji.

"Una haki," alisema. "Usinipe mtoto. Mbebe mwenyewe, twende wote. Nauli nakupa mkononi sasa hivi, utalipa wewe. Mie nitashika mkoba tu."

Yasmini alifikiri. Jua lilikuwa linapanda na kliniki haimsubiri mtu. Mwisho akaingia ndani akatoka na mkoba wa nepi, akamnyooshea, kisha akaurudisha, akaufungua, akatoa kadi ya kliniki na simu, akavitia kifuani ndani ya gauni. Ndipo akampa. Tekla aliupokea kwa mikono miwili.

"Tangulia," Yasmini alisema.

Tekla alitangulia. Walipofika barabarani aligeuka nusu, kwa sababu ilikuwa inamuwasha kusema. "Na wiki ijayo, hata mambo ya Jumamosi yakiharibika, nitakuja."

Yasmini alimpandisha Nasra begani, akaangalia kama gari linakuja.

"Tutaona," alisema.